Mtoto Aliyepita Kipimo

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mdogo, akafa kabla ya arubaini. Nilimzika, na juu ya msiba nikapata maneno: kwamba nilijinyima, kwamba nachagua vyakula, kwamba tumbo langu halikuzi. Kwa hivyo mimba ya pili iliposhika, mamamkwe alihamia jikoni kwangu hapa Munje. Asubuhi uji wa nazi na mahamri, mchana wali, jioni tende, maana Bi Maryamu, mamake Nabii Isa, alipojifungua alikula tende. Nikisema nimeshiba, ananiambia, "Kula, mwanangu. Huli peke yako." Nami nilikula. Nilitaka mtoto wa kushikika.

Kliniki, muuguzi alinilaza akanyoosha tepu, kama ile ya fundi wa nguo, kutoka kwenye kinena mpaka juu ya tumbo. Akapima mara ya pili. Akasema mtoto ni mkubwa kupita umri wa mimba, na pengine nina sukari. Niende hospitali kubwa nikapimwe damu na kupigwa picha ya tumbo, kwa sababu mtoto mkubwa huweza kukwama. Alisema polepole, kwa adabu, na nilimwelewa vizuri sana.

Nyumbani kilichosikika ni kule kupita kipimo tu. Mamamkwe alimshukuru Mungu mpaka machozi yakamtoka. Furaha ilipotulia, hofu ikamshika, akasema sirudi tena kupimwa. Mtoto wa tumboni ananyooshewa tepu, anatajwa ukubwa wake mbele ya foleni nzima ya wanawake, jicho la hasidi litamwacha? Akanipa dera lake pana, na nikitoka nijifunike leso mbili juu yake. Nilimweleza mume wangu habari za sukari na kukwama. Akasema, "Mama amezaa saba. Wewe umezika mmoja. Msikilize." Maneno hayo mpaka leo yananichoma, na nimeshamwambia.

Uchungu ulipoingia siku ya pili ndipo tulipokwenda hospitali. Kichwa kilitoka, mabega yakakataa. Walinikunja mapaja hadi kifuani, mmoja akanikandamiza chini ya kitovu kwa nguvu zake zote, mwingine akavuta. Alipotoka hakulia, nami nikajua huyu naye amekufa. Kisha akalia. Kilo tano na ushei.

Tuliporudi nyumbani wageni walijaa. Mashallah, pandikizi la mtoto, huyu kesho atatembea. Mamamkwe alizipokea sifa kana kwamba yeye ndiye aliyezaa. Mtoto alikuwa amefungwa leso mpaka shingoni, nani angeona? Mimi wauguzi walikuwa wameshaniambia kwamba mishipa ya shingo imevutika, na mkono wa kulia pengine utarudi, pengine hautarudi. Sikuwa na nguvu za kumwambia mtu.

Mamamkwe aliona mwenyewe alipomwosha mtoto na kumnyoosha viungo kama anavyowafanyia wajukuu zake wote. Aliipishanisha mikono kifuani. Wa kushoto ukajirudia wenyewe, wa kulia ukabaki pale pale alipouweka. Akauinua, akauachia, ukaanguka. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema mimi. Yule muuguzi na tepu yake."

Hapo nilimjibu, na sikuwa nimewahi kumjibu mkwe wangu namna ile. "Jicho gani, mama? Bega lilikwama. Niliambiwa litakwama, na hapa hapa niliwaambieni." Akatoka kwenda kulia uani. Tangu siku ile anamkanda mkono kwa mafuta ya nazi kila asubuhi, hakosi hata akiwa na homa, nami namwachia. Kumchukia siwezi, na kumsamehe bado.

Mtoto sasa ana miaka mitano, na kweli amewapita wenzake wote kwa umbo. Kila anayemwona humwambia, wewe umekua. Wiki iliyopita alisimama nyuma ya baba yake kwa swala ya alasiri. Baba akapiga takbiri, akainua mikono mpaka masikioni. Mtoto akainua wa kushoto, kisha akautumia huo huo kuubeba wa kulia, akaufikisha begani, ukamponyoka. Akajaribu tena, ukamponyoka tena. Akanigeukia pale mlangoni nilipokuwa nimesimama.

"Mama, huu nao utakua lini?"

Nikamwambia asigeuke katika swala.