Fito ya Mpera

Fyuu! Niliisikia fimbo ikipasua hewa nyuma ya jikoni kabla sijaona anayeichezea. Alikuwa binti yangu. Alikuwa amevunja fito ya mpera na kuichuna, na harufu ya gome bichi ikanifikia mlangoni.

Fito ya zamani, ile ya shuleni, niliikata mwenyewe, nikaijaribu kwanza pajani. Nilikuwa kiranja wa darasa katika shule moja juu ya ufuo wa Muhuru Bay, na mwalimu wetu mpya alikuwa amekataa kumchapa mtu. Kwake, aliyechelewa alisimama mbele akasimulia aliyoyaona asubuhi hiyo.

Msichana mmoja alichelewa kila siku kwa sababu alianza kwa kumsaidia mama yake kuanika omena, dagaa wa ziwani. Siku hiyo alipofika katikati ya masimulizi yake, darasa lililipuka kwa kicheko.

"Nyamazeni, omena anaongea!" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

Mwalimu aliomba kimya mara tatu, bure. Nikainuka, nikaiweka fito mezani pake.

"Madam, hawa bila kiboko hawasikii."

Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaishika. Aliyekuwa karibu naye ni yule msichana. Akamchapa miguuni mara mbili, na kimya kikaingia. Nilirudi kuketi nikijivuna.

"Halafu mvua ikaanza, Madam," msichana alimalizia, kwa sauti ileile, "nikamwacha mama akiokota omena peke yake, nisikose hesabu."

Ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho: akikusanya madaftari yake yote, akitoka, akiufunga mlango nyuma yake polepole, kama Madam alivyotufundisha.