Bomba la Moshi la Nyumba Iliyotembea

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa mpishi katika nyumba yenye magurudumu. Ilikuwa kamio, yaani lori, kama kamio nyingine, ila pale nyuma, mahali pa kubebea magunia ya mchele na pamba, mzungu wetu alikuwa amejengewa chumba cha mbao: kitanda, meza ya kuchorea, madirisha mawili na, kwenye kona, jiko langu la chuma. Kazi yake ilikuwa kupima barabara za Kasongo na Kabambare na kuzichora kwenye karatasi kubwa, kwa hiyo tulilala popote kazi ilipotukuta. Mama yangu, aliyezaliwa Kasongo na hajawahi kulala nje ya mji, hakupendezwa kabisa. Aliniambia watu wa ukoo wetu hawaishi kama konokono.

Dereva alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mubangubangu wa upande wa Kabambare. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, lakini kitu pekee tulichogombania ni chumvi. Alipenda chakula chenye chumvi nyingi, na kila siku aliniuliza kama chumvi ya Kasongo imekwisha.

Moshi wa jiko ulitokea kwenye tundu la ukutani, lenye kifuniko cha bati kilichoning'inia kwa bawaba. Gari likisimama, moshi ulijiendea zake vizuri. Gari likitembea, upepo ulikipiga kile kifuniko kikajifunga, kikafunguka, kikajifunga tena, pa! pa! pa!, mpaka kuku wa vijiji vya mbele walikimbia kabla hawajatuona. Kwa hiyo sikuwasha moto njiani. Niliwasha tukifika.

Siku moja mzungu akawa na haraka. Alitaka tuingie Kabambare kabla ya jioni na tukifika ale papo hapo.

"Boy," akaniambia, nami wakati huo nilikuwa baba wa watoto, "leo utapika maharagwe tukiwa njiani."

"Bwana, moshi utanisumbua."

"Moshi utatoka. Tundu ni la kazi gani?"

Akapanda mbele kwa dereva. Mimi nikafunga mlango wa nyuma, nikawasha kuni.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Karibu na Lusangi tukapata barabara nzuri iliyonyooka, na shemeji, ambaye hakuweza kuona barabara nzuri akaiacha hivi hivi, akakanyaga mafuta. Upepo ukakibana kifuniko, na safari hii hakikufunguka tena. Moshi ukarudi ndani wote. Nikafungua madirisha, haukupungua. Macho yakafumba yenyewe. Kifua kikawa kama nimemeza pilipili nzima. Nikapapasa mpaka kwenye ukuta wa mbele, nikaupiga kwa ngumi zote mbili ili dereva asimame.

Gari likaongeza mwendo.

Nikapiga zaidi, nikiwaita watoto wangu kwa majina kana kwamba wangenisikia. Gari likazidi kukimbia.

Waliotuokoa ni wanawake. Walikuwa wanatoka mtoni na mitungi yao ya maji kichwani, wakaona nyumba inakuja barabarani ikitoa moshi madirishani. Wakaweka mizigo chini, wakasimama katikati ya njia wakipunga mikono na kupiga kelele: "Moto! Moto! Nyumba ya muzungu inaungua!" Shemeji akafunga breki. Mimi nikasukuma mlango, nikatoa kichwa nipate pumzi, na mtungi wa kwanza ukanimwagikia usoni. Wa pili ukanipita ukaenda kitandani. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Walimwaga kwa bidii kweli, mmoja akitoka mwingine anaingia, na maharagwe yangu yakaogelea sakafuni.

Mzungu akaja mbio akililia karatasi zake. Karatasi zilikuwa ndani ya sanduku la bati, kavu. Kisha akainua godoro, na maji yakamiminika kutoka ndani yake yakalowesha viatu vyake. Hakuna aliyejua mzungu aliyelowa atafanya nini. Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa mbele ya wenzake na mtungi mtupu mkononi, akamwambia kwa upole:

"Bwana, moto imekufa."

Mzungu akamtazama yule mwanamke, akanitazama mimi, akatazama godoro, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Wote wakacheka, isipokuwa mimi niliyekuwa namtafuta shemeji.

"Hukusikia nikipiga?"

"Nilisikia, shemeji! Nikasema leo iko na furaha, anapiga ngoma. Nikaongeza mwendo juu yako, ufurahi zaidi."

Ningempiga, lakini yule mwanamke alikuwa ameinama nyuma ya jiko. Akatuita. Ubao uliozunguka tundu ulikuwa mweusi kama mkaa, na alipougusa kwa kidole, kidole kikapenya. Moto ulikuwa umeanza kweli, ndani kwa ndani. Hapo kicheko kikaisha. Nilishuka, nikakaa chini kwenye majani.

Kabambare ikangoja. Tukakaa katika kijiji hicho kutengeneza tundu letu, na kila mtu alikuwa na akili yake. Shemeji alisema kifuniko kifungwe kwa kamba kikae wazi. Tukafunga. Mvua ya jioni ikaingia moja kwa moja kwenye unga wangu, na nilipowasha jiko kamba ikaungua. Mzungu akachora bomba refu la kupita juu ya paa. Tukakata madebe ya mafuta, tukayakunja, tukaliunganisha. Lilipendeza sana. Tukaenda kulijaribu, na mwanzi wa kwanza ulioinama barabarani ukaling'oa na kulitupa mtoni. Mzungu akaitazama picha yake, akautazama mwanzi, akasema neno la Kifaransa ambalo shemeji alilitumia miaka mingi baadaye.

Mara ya tatu tulitengeneza sote, tukibishana. Bomba likawa fupi, likatoka ukutani na kupinda kuelekea nyuma ya gari, ili upepo wa mwendo uvute moshi badala ya kuusukuma ndani. Mdomoni tukaliwekea kofia ya bati kwa ajili ya mvua. Shemeji akalikaza kwa waya pande zote, akavuta kwa koleo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nadhani alikuwa ananiomba msamaha kwa njia hiyo. Ule ubao ulioungua tukaukata wote. Yule mwanamke mnene, ambaye kumbe alikuwa mfinyanzi, akatuletea udongo wa vyungu uliochanganywa na majivu, akaujaza mwenyewe kati ya bati na mbao, akiupigapiga kwa kiganja.

"Usiwashe moto mpaka ukauke," akaniambia. "Na huyu dereva akikimbia, mupige yeye, si ukuta."

Tulipoondoka nilimwachia sufuria yangu nzuri yenye mfuniko. Mzungu hakuniuliza ilikokwenda.

Kabambare tuliingia na chai ya moto. Lakini siku ninayoipenda zaidi ni ya wiki iliyofuata, tukielekea Salamabila. Ilikuwa asubuhi ya ubaridi. Nilikuwa nimekanda unga tangu alfajiri, na gari likitembea nikaweka mawese jikoni na kuanza kukaanga mikate. Nikatazama dirishani: moshi ulitoka kwa adabu, ukajilaza nyuma yetu barabarani na harufu yake yote. Wafanyakazi wa machimbo ya dhahabu walikuwa wakitembea kwa mguu kwenda kazini. Mmoja akanusa, akageuka. Wa pili akaanza kukimbia. Punde kundi zima lilikuwa linatufuata likicheka, majembe begani.

Shemeji akasimamisha gari bila kumwuliza mtu. Nikafungua mlango wa nyuma na bakuli mkononi, nikawagawia mikate ikiwa bado inachoma vidole, nao wakala wakiruka-ruka na kupuliza.

Mzungu akatoa kichwa kwenye dirisha la mbele. "Kuna nini huko? Mbona tumesimama?"

"Bomba, bwana," nikamjibu. "Tunaangalia kama inafanya kazi."

"Inafanya?"

"Sana, bwana."

"Basi niletee na mimi," akasema, akanyoosha mkono.