Mjane wa Askari na Maji ya Sanamu

Mwanamvua, mjane wa askari Hassani, kila siku aliamka amechoka, akalala amechoka. Mumewe alipelekwa kusini wakati wa Maji Maji, hakurudi. Reli ilipofika Dodoma, Wajerumani waliweka kumbukumbu ya vita vile mbele ya boma: birika la mawe, askari wa mawe katikati, na miguuni pake kichwa cha simba cha kutema maji.

Ila maji hayakuwapo. Wanawake wa kambi ya askari, Mwanamvua miongoni mwao, ndio waliochota kwenye mashimo ya mtoni na kujaza tangi lililofichwa nyuma ya ukuta, na kiangazi kile kilikuwa kikali hata ng'ombe walikuwa wakifa njiani.

Asubuhi ya sherehe ya kuzindua sanamu, Mwanamvua alitua mtungi mbele yake akamwuliza Swedi, karani wa boma, "Kaka, jina la Hassani liko wapi hapo?"

Swedi aliinua pembe ya kitambaa kilichofunika sanamu, akasoma majina ya Kizungu, moja baada ya jingine. Mwishoni akasita. "Hapa wameandika, 'na askari wao.'"

"Basi?"

"Basi, dada."

Akajitwika mtungi, akaenda nyuma ya ukuta. Pale alimkuta Loisi, mwanamke wa kijiji cha Nzuguni, na mtoto mgongoni aliyelia bila machozi.

"Shikamoo, mama. Nigawie hata kibuyu kimoja. Mashimo mmeyamaliza, sisi tumebaki na tope."

Mwanamvua hakuwa na nguvu ya kumkatalia. Akamjazia. Nyuma ya Loisi wakaja wengine na vibuyu vyao. Akafungulia tangi, akaketi chini, akawaacha wateke.

Jioni tarumbeta zikalia, kitambaa kikavutwa. Simba akatema mara mbili, akakohoa, akanyamaza. Bwana mkubwa, Mjerumani mwenye boma, akawa mwekundu hadi masikioni. Mwanamvua, aliyeonwa kwenye tangi, akaitwa.

"Anauliza maji yako wapi," Swedi alisema.

"Mwambie watu wameyanywa."

Swedi akamgeukia Mzungu, akasema kwa Kijerumani kwamba tangi limepasuka. Hakuaminiwa. Swedi alikaripiwa mbele ya watu. Mwanamvua akafukuzwa kambini na mkeka wake kabla jua halijazama.

Loisi alikuwa akimngoja barabarani. Walitembea polepole hadi Nzuguni, na huko Mwanamvua akapewa pembe ya nyumba na uji wa uwele.

Kesho yake jua lilimkuta bado amelala, na hakuna aliyemwamsha kwenda kuchota maji.