Unga wa Wifi Yangu

Dada mkubwa wa mume wangu alifanya kazi jikoni kwa wazungu wa misheni, akajua kuoka mkate. Jina lake ninalo, lakini silitaji, asije akapata heshima ya kuandikwa.

Mimi nilikuwa nimeolewa juzi pale Adungosi. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mwenye kuoka katika boma lile ndiye aliyekaa na mama mkwe na kuulizwa maneno ya nyumba. Wengine tulisugua sufuria. Nikataka kuoka. Nikamwomba wifi anifundishe.

"Ni vikombe vinane tu vya unga, wifi. Maji vikombe vitatu. Hata mtoto anaweza."

Nikachota kwenye gunia jinsi tulivyozoea sokoni, unashindilia kwa kiganja na kupiga kopo chini ili mnunuzi asinung'unike. Vikombe vinane. Nikaoka kwa tanuri letu la debe, siku wageni wa kanisa walipokuja. Mkate ukawa mawe. Wifi akasimama mbele ya watu.

"Leteni panga! Mzee, angalia meno yako, tumeletewa fundi wa matofali!"

Baba mkwe alicheka hadi akafuta machozi. Mama mkwe hakucheka. Akaniambia, "Wewe usiguse tanuri tena. Utakuwa unampimia wifi yako." Nikasugua sufuria zile nikiapa.

Siku ya soko nikachukua kikombe kile cha bati na unga kidogo hadi Malaba, kwa mwenye duka mmoja Mwislamu aliyekuwa na mizani ya mawe ya shaba. Nikamweleza aibu yangu. Akacheka, akapima kikombe changu cha kushindilia: wakia saba. Kisha akachekecha unga, akaumwagia kikombeni kwa kijiko bila kuugusa: wakia tano.

"Umeona, mama? Kikombe kinapima nafasi. Hakijui umetia nini ndani."

Tukahesabu pamoja, wakia kumi na sita kwa kila ratili. Vinane vya kuchekecha ni ratili mbili na nusu. Vinane vyangu vilikuwa ratili tatu na nusu. Ratili nzima ya unga imezidi, kwa maji yale yale! Na chekeche la wifi nilikuwa nimeliona kwa macho yangu likining'inia ukutani kwake. Alijua. Alininyima neno moja tu.

Nikaokota jiwe kando ya reli, mwenye duka akalipima, tukalipasua kidogo kidogo mpaka likawa ratili mbili na nusu sawasawa. Nyumbani nikafunga vitunga viwili kwenye fimbo: huku jiwe, huku unga. Nikawa naoka kwa jirani, kimya kimya, mkate laini kama shavu la mtoto.

Ikafika harusi ya kitinda mimba wa boma. Wifi akatayarisha maji, hamira na sukari kwenye karai, akaniamuru, "Pima vikombe thelathini na viwili, ukande, utie kwenye mikebe, wasichana waingize tanurini. Mimi naenda kumsuka bibi harusi."

Nikapima thelathini na viwili. Sikuzidisha hata kimoja. Nilishindilia kila kimoja kwa kiganja, nikikumbuka panga.

Mchana wageni wakaletewa chai na mkate wa wifi. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akaugonga mezani, ko, ko, ko. "Mwenye nyumba yuko?" Watu wakavunjika mbavu. Ndipo nikaleta mikate yangu niliyokuwa nimeoka usiku kwa jirani, wageni wakaila yote.

Wifi akapiga kelele, "Ni huyu! Ameniharibia unga!"

Mama mkwe akanigeukia. "Ulipima vikombe vingapi?"

"Thelathini na viwili, mama. Vya kujaa, kama alivyonifundisha. Labda kuna neno alilisahau. Mwulize."

Wifi akafungua mdomo. Angesema ilipasa kuchekecha, mama angemwuliza kwa nini siku ile hakuniambia mimi. Nikamwangalia usoni mpaka akaufunga.

"Kuanzia leo tanuri ni lako," mama mkwe akaniambia mbele ya wote.

Jioni wifi alikuja jikoni, mikono imejaa masizi. "Wifi, ulinishindilia?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Na hiyo sufuria bado chafu."

Watu wa kanisa huniuliza kama nilimsamehe. Yeye hakuniomba, na mimi sikumpa.