Daraja la Dirishani

Juzi, kwenye benchi la kliniki moja ya mtaa wa Olaya, niliketi kando ya Wakenya wawili, wafanyakazi wa nyumbani hapa Riyadh. Mmoja alikuwa amerudi kutoka Ujerumani, alikopelekwa na mabosi wake likizo nzima.

“Haki niambie, ilikuwaje?” mwenzake akamvuta mkono.

“Jikoni kwa ile nyumba tuliyofikia kuna kabati za mbao. Nilizipanga zote.”

“Ai! Nakuuliza mji, wewe waniambia kabati!”

“Mji niliuona kwa dirisha. Daraja la mawe, la zamani, na ng’ambo yake ngome. Kila asubuhi nilimwomba madam nivuke tu, nirudi. ‘Kesho, inshallah.’ Mwishowe akasema halas, imetosha, funga masanduku.”

Nikashindwa kunyamaza. “Kwa nini hukuvuka tu?”

Akanigeukia taratibu. “Pasipoti anayo madam, dada. Ningevuka nikiwa nani?”

Chuoni kwangu ningeuita huo ukandamizaji, nikapigiwa makofi. Pale nilisogeza tu begi langu, akae vizuri. Watalii hulipa kuliona daraja lile. Yeye alipelekwa bure, akaachiwa vyombo.

Daktari alipomwita, alisimama, akamwinamia mwenzake. “Watu walikuwa wakitembea tu pale juu ya daraja, unajua? Bila kubeba kitu. Bila kuitwa.”