La ya Mwalimu Cécilia

Siku parokia ilipopata kinanda cha umeme, François, mwongozaji wa kwaya, alisema ile piano ya zamani ichanjwe kuni. Alisema hivyo mbele ya watu wote kwenye baraza la kanisa, mkono mmoja mfukoni. Mguu mmoja wa piano ulikuwa umeliwa na mchwa, na panya walikuwa wamezaliana ndani yake. Lakini panya hawakumuudhi François kama alivyomuudhi Cécilia, aliyeinua mkono na kusema, "Kama ni ya kutupa, munipe miye."

Cécilia alikuwa mwalimu wa darasa la tano hapo Kasongo, na ndani ya kwaya aliimba sauti ya pili kwa miaka ishirini na miwili. Vidole vyake vilijifunza kwenye piano hiyohiyo, alipokuwa msichana wa bweni kwa masista. Kila mwaka kabla ya Noeli, François alijifungia kanisani siku mbili, madirisha yamefungwa, akilinganisha sauti za piano hiyo asionekane na mtu, mpaka alipoacha, miaka mingi sasa. Wakati mmoja Cécilia, akiwa na miaka thelathini, alimwomba amfundishe. François alicheka. "Sikio ya mwanamuke ni ya kusikia mutoto analia," alimwambia. Sasa Cécilia alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na maneno yale bado aliyakumbuka hivyohivyo yalivyotoka.

Padri hakutaka ugomvi, akampa piano. Wanaume wanane waliisukuma juu ya mkokoteni toka kanisani hadi nyumbani kwake, pikipiki zikipiga honi nyuma yao. Mlangoni alisimama Mama Louise, mama mkwe wake.

"Hii sanduku ya maiti inaingia wapi?"

"Inaingia salon, Mama."

"Na kiti yangu?"

Kiti chake kilitoka sebuleni kikahamia ukumbini nje, na tangu siku hiyo Louise hakumwita tena mkwe wake kwa jina. Alimwita "ule mutu." Serge, mume wa Cécilia, alikuwa Lusangi kwenye machimbo ya dhahabu, na nyumbani alionekana mara moja kwa mwezi. Mama yake alimpigia simu jioni hiyohiyo. Kesho yake Serge naye akampigia mkewe. "Mama analia. Toa kile kitu." Cécilia alimjibu kwamba wabebaji wameshakwenda zao, akakata.

Piano ilikuwa imelegea vibaya. Kila noti ilikuwa chini karibu nusu sauti, na hazikushuka kwa usawa, hata wimbo rahisi ulitoka kama watu waliolewa. Cécilia alikwenda kwa François kuazima ufunguo wa kukazia nyuzi. Alimkuta akinyoa ndevu uani.

"Ule ufunguo padri muzungu aliniachia miye," alisema bila kugeuza kichwa. "Watanizika nao."

"Uniazime siku kumi tu, Papa François."

"Na ukishakuwa nao, utasikia na nini?"

"Na telefone."

Alikuwa na programu ambayo aliipata Kindu, alipokwenda kusahihisha mitihani. Ukipiga noti karibu na simu, mshale unalala kushoto kama sauti iko chini, kulia kama iko juu, na ukisimama katikati unageuka kijani. François aliweka wembe chini, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Basi, nenda uombe telefone ikupe ufunguo."

Cécilia alikwenda kwa Bakari, fundi pikipiki wa sokoni. Alimpelekea kipande cha sabuni alichokigandamiza juu ya kichwa cha msumari mmoja wa piano unaoshika uzi, ili alama yake ya pembe nne ibaki. Bakari alipasha moto chuma cha kufungulia nati, akakipigilia juu ya kipande cha nondo alichokichonga kwa tupa kiwe cha pembe nne, mpaka tundu la chuma likashika umbo hilo, kisha akachomelea mpini. Ufunguo wa kwanza ulicheza, ungeharibu vichwa vya misumari, na Cécilia akaukataa. Bakari alinuna, akatengeneza wa pili. Huo ukashika.

"Mama Mwalimu, unafungua nini na hii? Mulango ya benki?"

Kazi ilianza likizo ya Pasaka. Noti nyingi za piano zina nyuzi tatu, kwa hiyo alikata vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, akaviingiza katikati ya nyuzi ili mbili zinyamaze na moja iseme. Alipiga, akatazama mshale, akavuta ufunguo kidogo sana, akapiga tena. Programu iliandika A, yeye akasoma la, jina la noti hiyo kama masista walivyomfundisha. Kwa sababu nyuzi zilikuwa zimelala miaka mingi, hakuzivuta zote juu kwa mara moja. Alizipandisha kwa kukisia toka mwanzo hadi mwisho, akaziacha zitulie, ndipo akarudia pole pole. Noti moja aliweza kuipiga mara sitini.

Louise alipiga kifuniko cha sufuria kila noti iliposikika. Jirani wa nyuma alifungulia redio kwa sauti ya mwisho. Na Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya, François alisimama mbele akasema, "Kuna mutu hapa ameacha telefone isikie pa fasi yake. Kesho telefone itamuimbia." Watu walicheka. Cécilia alitazama karatasi ya wimbo mpaka herufi zikamchezea machoni.

Siku ya tisa uzi mmoja wa juu ulikatika, ukamchapa nyuma ya mkono. Damu ilidondoka juu ya vibao vyeupe.

"Mungu amejibu," alisema Louise toka mlangoni, akarudi ukumbini.

Shule ilipofunguliwa, François alipita langoni na baiskeli yake. Alikuwa ameshasikia. "Walisema imekukata. Usijali. Bado ziko nyuzi mia mbili."

Usiku huo Cécilia hakulala vizuri, lakini kesho mchana alikaa tena kwenye piano, mkono umefungwa kitambaa. Noti ile akaiacha na nyuzi mbili. Ilipofika Pentekoste, piano ilikuwa tayari. Nyuzi za noti moja alizimalizia kwa sikio lake mwenyewe, maana aligundua kwamba mshale ukiwa kijani mara tatu, bado sauti tatu zinaweza kugombana. Alipocheza wimbo mzima, redio ya jirani ilizimika.

Habari ilizunguka. Wanakwaya walianza kupita kusikiliza, wawili, watatu, mpaka Jumapili moja baada ya misa François akaja mwenyewe na kundi zima nyuma yake. Hakubisha hodi. Alitoa mfukoni diapazoni yake, ule uma mdogo wa chuma unaotoa noti moja tu, akaugonga kwenye goti na kuusimamisha juu ya ubao wa piano. La yake ililia. Kisha akapiga la ya Cécilia.

Sauti mbili hazikukutana. Zilitetemeka pamoja, waa-waa-waa, hata mtu asiye na sikio alisikia.

"Munasikia?" alisema François, na uso wake uling'aa. "Hii chuma ilitoka Ulaya. Telefone imemudanganya. Piano yote iko ya uongo, toka mwanzo mpaka mwisho!"

Mtu mmoja alicheka. Louise, aliyekuwa ameingia kuona, alipiga makofi mara moja.  Cécilia alichukua simu, akaisogeza karibu na ule uma. "Gonga tena, Papa François." Mshale ulilala kushoto. Mitetemo mia nne thelathini na tano kwa sekunde. Akapiga piano. Mia nne arobaini, kijani.

"Telefone inajisifu yenyewe," alisema François. "Si ni hii hii ilikudanganya?"

Cécilia alimgeukia Octave, mpiga kinanda wa kanisa. "Octave, panda pikipiki, ulete kinanda."

Walisubiri. Octave alirudi amekikumbatia kinanda cha parokia, akakiweka juu ya meza, akapiga la. Cécilia akapiga ya piano. Zilikaa moja ndani ya nyingine, hakuna kutetemeka. Kisha Octave, bila kuambiwa, alichukua ule uma, akaugonga huku akipiga la ya kinanda chake, akamrudishia François. Waa-waa-waa.

"Papa François," alisema Octave polepole, "basi Jumapili zote hizi tunaimba na kinanda, na haukusikia kama diapazoni yako inakikataa?"

"Nyamaza."

Sasa kuna jambo ambalo Cécilia alilijua na wengine hawakulijua. Ndani ya programu kulikuwa na ukurasa wa maelezo, na aliusoma zamani. Huko Ulaya, la ya zamani ilikuwa chini kidogo, na uma kama wa François ulitengenezwa kwa kipimo hicho. Haukuwa mbovu. Ulikuwa wa haki kwa wakati wake, na François alikuwa ameulinda vizuri. Sentensi mbili zingetosha. Alizikusanya mdomoni, akamwona François anaufuta ule uma kwa shati lake, akakumbuka kicheko chake cha miaka ile. Akazimeza.

"Labda ni sikio," alisema. "Si kila sikio ni ya kazi hii."

François aliweka uma mfukoni, akapenya katikati ya watu, akaenda.

Furaha ilimshika Cécilia siku mbili, furaha kali kama pilipili. Siku ya tatu vijana wa kwaya walianza kumwigiza François sokoni, waa-waa-waa, akipita na baiskeli. Cécilia aliwasikia, akawaacha.

Jumamosi iliyofuata alikuta jina lake limefutwa kwenye orodha ya kwaya. Hakuna aliyemwambia sababu, wala hakuuliza. Padri alisema mambo ya kwaya ni ya kwaya. Tangu hapo anakaa kwenye mabenchi na waumini wengine, na hafungui mdomo.

Nyumbani piano haitulii moja kwa moja, mvua zikianza inapanda, jua likikaza inashuka. Juzi, akisahihisha madaftari, alisikia Louise anapiga kelele toka ukumbini: "Weye! Ile ya kati imelegea tena! Utengeneze ao ufunge hiyo kitu!" Cécilia aliipiga, akaisogezea simu. Louise alikuwa amesikia vizuri. Aliitengeneza, na hakuna aliyemshukuru mwenzake.

Wanakutana bado, yeye na François, mara nyingi kwenye njia ya soko. Kasongo si mji wa kumpita mtu bila salamu, hata mgeni unamsalimia. François haongezi mwendo wala hapunguzi. Cécilia anashikilia kikapu chake, anatazama barabara mbele. Watu wanaouza mihogo pembeni huacha kuzungumza mpaka wapitane.