Mafuta Kabla ya Oksijeni

Mdogo wangu alilinda magari kule Point, mtaa wa Durban. Jumanne moja, akiamua ugomvi wa walevi wawili, chupa ilimgonga jicho la kushoto. La kulia surua ililiua tangu kwetu Uvira, tukiwa watoto. Daktari alisema mshipa wa nyuma ya jicho umebanwa, hewa haiufikii; angejaribu kumwingiza kwenye tangi la oksijeni, lile la kutibia wapiga mbizi wa bandarini. Hakuahidi kitu. Alisema tu tusipoteze hata siku moja.

Jumatano alilala humo zaidi ya saa moja, nami nikimtazama kupitia kioo kinene. Alhamisi alipotoka aligeuza uso kuelekea dirishani.

“Yaya,” aliniita, kama kwetu tunavyowaita wakubwa wetu, “iko mwanga pale.”

Karatasi ya masharti nilipewa mimi, niliyejua Kiingereza: hakuna kiberiti, hakuna nailoni, hakuna mafuta mwilini, maana penye oksijeni nyingi mafuta hushika moto.

Ijumaa asubuhi akaja mama wa kikundi cha maombi, aliyetulisha miezi yetu ya kwanza Durban, na kichupa cha mafuta yaliyoombewa.

“Inama, wewe! Shingo ngumu kama mbuzi wa kwetu Fizi.”

Mdogo wangu alicheka, akainama. Mama akammwagia kichwani, akampaka kope na shingo. “Na maji yasimguse mpaka arudi. Munasikia?”

Nilisikia. Nilikuwa nimepita nchi nne nikiishi kwa sahani za wanawake kama yeye; ulimi haukuinuka. Ndani ya teksi nilimfuta kidogo kwa mkono wa shati.

Mhudumu wa tangi alimgusa nywele, akanusa vidole. “Eish, braza. Hapana.” Niliomba sabuni. Akasema mgonjwa wa zamu inayofuata ameshafika na wikendi hawafungui, turudi Jumatatu.

Jumatatu daktari alimulika tochi kwenye jicho. Mdogo wangu akauliza kama ameshaiwasha.

Daktari alisema huenda hata bila kuikosa ile Ijumaa ingekuwa hivyo hivyo. Hilo nililitafsiri haraka kuliko yote.

Tulirudi kwa miguu, mkono wake begani mwangu.

“Yaya, ile karatasi ilisema kitu juu ya mafuta?”

“Ilisema.”

Akautoa mkono. Alitembea peke yake hatua saba au nane, bega likikwaruza ukuta, mpaka kwenye robot, taa za kuongozea magari. Magari yalipita kwa kasi. Alisimama pale muda mrefu, kisha akanyoosha mkono hewani akinitafuta, nami nikasogeza bega.